Rafiki wa Mahasimu Wawili

Je, dola kubwa inaweza kuwa rafiki wa kweli wa serikali mbili jirani zinazogombea ardhi moja? Moscow ilidhani inaweza. Mwaka 1974 ilitia saini mkataba wa urafiki na Somalia ya Siad Barre, ikaijaza vifaru na ndege za MiG, na wanamaji wake wakapata nafasi Berbera. Mengistu aliposhika hatamu Ethiopia, Februari 1977, ikamkumbatia naye. Mwezi uliofuata Fidel Castro akawakutanisha wawili hao Aden, akawashauri waunde shirikisho. Wajamaa kwa wajamaa, mpaka wa nini? Barre akakataa. Mafahali wawili hawakai zizi moja, hata mwenye zizi awe na itikadi gani.

Julai, majeshi ya Somalia yaliingia Ogaden, eneo la Ethiopia lenye Wasomali wengi, na silaha za Kisovieti. Novemba Barre akawafukuza washauri wa Kisovieti, na Moscow ikaanza kuimiminia Ethiopia silaha kwa ndege. Jenerali wa Kisovieti, Vasily Petrov, akasaidia kupanga vita dhidi ya jeshi ambalo nchi yake ndiyo iliyolifundisha.

Nani alimsaliti nani? Moscow ilikuwa na hoja nzito: mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) wa Cairo, 1964, uliafiki kwamba mipaka iliyorithiwa kutoka kwa wakoloni iheshimiwe, na Somalia ndiyo iliyoivuka. Uaminifu haumlazimishi mtu kumfuata rafiki katika uvamizi. Hata Kenya, iliyoegemea Magharibi, ilisimama na Ethiopia (nayo ilikuwa na hofu yake kuhusu Kaskazini Mashariki mwake, kwenye Wasomali).

Ila hoja hiyo inaanzia kwenye risasi ya kwanza, na kisa kilianza kabla ya hapo. Nyota ya pembe tano katika bendera ya Somalia ilimaanisha nchi tano za Wasomali, Ogaden ikiwemo, na bendera hiyo ilipepea Mogadishu kila siku mbele ya macho ya washauri wa Kisovieti. Anayempa mtu silaha huku analijua dai lake hawezi baadaye kushangaa zinakoelekezwa. Kutopendelea upande ni haki ya asiyetoa silaha. Aliyekwisha kuzitoa ameshachagua, ajue asijue. Ndiyo maana Moscow ilipochagua waziwazi, Mogadishu iliona imesalitiwa, na haikukosea sana.

Washington, iliyoipa Ethiopia silaha kwa zaidi ya miaka ishirini, haikujifunza lolote. Mwaka 1980 ilikubaliana na Barre kuitumia Berbera ileile.