Ramadhani, siku ya 14: Notisi



Mpangaji wa fremu yako kachelewa kodi. Mkataba unasema umpe notisi, kisha ana siku 14 za kurekebisha. Wewe barua unaipeleka anwani ya zamani, unajua kabisa kahama, ili siku ziishe umtoe. Na umefunga!

Suratul Anfal aya ya 58: Mtume (s.a.w.) akihofia hiyana kwa waliofungamana naye, ameamrishwa awatangazie waziwazi, pande zote zijue sawa. Hayo ni mambo ya vita. Sembuse kodi ya fremu?

Nawe uliyepewa notisi, usizime simu. Al-Baqara aya ya 280 imeagiza mwenye dhiki asubiriwe, lakini utasubiriwaje kama hupatikani?

Leo kabla ya futari mpigie. Mkubaliane siku zinaanza kuhesabiwa lini.