Sehemu ya Mama Itengwe Kwanza



Ndugu zangu katika imani, sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba wake. Nawausia nyinyi na nafsi yangu tumche Mungu, na leo nawausia tumche katika jambo tunalolipita kila jioni bila kulitazama: sahani ya mama wa nyumba.

Hapa Luhwindja tunaijua gramu. Dhahabu ikitoka shimoni huwekwa kwenye mizani ndogo, na wanaume wazima hubishana juu ya uzito usiofikia punje ya mchele. Basi sikilizeni: mwili wa mtu mzima una gramu 3 au 4 tu za madini ya chuma, na sehemu kubwa yake iko ndani ya damu. Chuma hicho ndicho kinachoshika hewa mapafuni na kuifikisha kwenye ubongo, kwenye misuli na, kwa mjamzito, kwa mtoto aliye tumboni. Chembe nyekundu ya damu huishi siku kama 120, kisha mwili huunda nyingine; na kuiunda kunataka chuma, asidi foliki na vitamini B12. Vikikosekana, damu hupungua, na moyo hulazimika kwenda mbio ili hiyo kidogo iliyobaki itoshe. Ndiyo maana mgonjwa wa upungufu wa damu husikia moyo ukimdunda hata akiwa ameketi.

Sisi wa milimani ni rahisi kudanganyika. Huku juu hewa ni nyepesi, kwa hiyo mwili unahitaji damu nzito kuliko ya mtu wa Uvira kule chini. Mama akipanda kutoka mtoni na mzigo mgongoni, akasimama njiani kuvuta pumzi, tunasema ni mlima. Pengine si mlima. Mvute taratibu kope la chini la jicho, utazame kwa ndani. Ukikuta weupe mahali pa wekundu, mpeleke santere, kituo cha afya, wampime. Shirika la Afya Duniani huhesabu kwamba mjamzito ana upungufu wa damu akiwa chini ya gramu 11 za hemoglobini, ule wekundu wa damu wenye chuma, kwa desilita (10.5 katika miezi mitatu ya kati ya ujauzito), na kwa wakazi wa milimani kipimo hicho hupandishwa.

Mwanamke hupoteza damu kwa hedhi na kwa uzazi. Wengine wa hapa kwetu hushinda wakitwanga mawe ya dhahabu, mtoto mgongoni. Jioni ni nani anayekula mwisho? Kipande cha nyama kimekwenda kwa baba, visamaki vya sambaza vimekwenda kwa wavulana, yeye anabaki na bugali wa muhogo na mchuzi uliobaki chini ya sufuria. Mayai ya kuku wake yameshuka Bukavu kuuzwa. Wallahi hii ni dhuluma, hata kama hakuna aliyeikusudia.

Sahaba Salman alipomwona sahaba mwenzake Abu Dardaa akijichosha kwa saumu na ibada za usiku, alimkumbusha kwamba nafsi yake ina haki juu yake, na ahali yake ina haki, na Mtume (s.a.w.) akasema Salman amesema kweli. Ikiwa ibada yenyewe haiondoi haki ya mke, desturi ya kupakua itaiondoaje?

Haki hiyo haihitaji utajiri. Chuma cha maini, nyama na sambaza mwili hukipokea upesi. Cha maharage na cha majani ya lengalenga na sombe hupokelewa kwa shida, lakini ukila na pera, limau au nyanya, vitamini C hukisaidia kupita. Chai hukizuia, kwa hiyo isiandamane na chakula. Ingoje saa moja au mbili. Lengalenga isichemshwe hadi ilegee kabisa, maana foliki na vitamini C huharibika motoni. B12 haimo katika majani: yai moja libaki nyumbani. Na mwenye shamba aulizie mbegu za maharage yenye chuma kingi. Watafiti wa kilimo wa INERA pale Mulungu, Kabare, wamezishughulikia.

Na kwa kuwa tunazungumzia sufuria, wazee wenye presha, kwenu ni chumvi: isizidi kijiko kidogo kimoja kwa siku, pamoja na ile iliyomo kwenye vidonge vya kukolezea mchuzi. Ndizi, maharage na avoka vina potasiamu, inayosaidia mishipa kulegea, ila mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari kwanza.

Turudi kwenye kope la jicho: si kila weupe wake unatokana na chakula. Malaria hula damu, na minyoo ya safura pia. Mgonjwa wa SS (selimundu) asipewe vidonge vya chuma kabla ya kupimwa, maana aliyeongezewa damu mara nyingi huweza kuwa nacho kupita kiasi. Mjamzito naye asiache vidonge vya CPN, kliniki ya wajawazito, kwa sababu choo kimekuwa cheusi. Hiyo ni kawaida ya dawa.

Leo tukitoka hapa, mwenye mke mjamzito aulize siku ya CPN na amsindikize yeye mwenyewe. Chakula kikiiva, baba atenge kwanza sehemu ya mama, mbele ya vijana wake wa kiume, waone. Na aliye na mbegu ya lengalenga ailete Ijumaa ijayo, tugawane.