NIA YA MSHAURI KATIKA UCHAGUZI WENYE MZOZO

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa zote njema ni zake, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Tangu siku ya 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi ambayo roho za watu zilipotea katika Dar es Salaam na miji mingine, na jiji likapigwa marufuku ya kutoka usiku, katika baraza za Kinondoni na Temeke limerudi swali ambalo wazee walikuwa wakiliuliza miaka thelathini nyuma. Wale wakaao karibu na wakubwa wakawanong'oneza, wa serikali na wa upinzani, wanataka nini khasa? Mmoja husema kiti kisiachwe, kwa ajili ya amani. Mwingine husema watu watoke njiani, kwa ajili ya haki. Kila mmoja huapa kwamba hana haja yake mwenyewe ndani ya jambo lile. Na msikilizaji wa barazani hupangusa kanzu yake, akatoa hukumu kwamba wote ni walaji, akaenda zake kusali magharibi.

Hukumu hiyo ni nyepesi mno, na mwenye kuitoa hajui kuwa amejitwika mzigo. Khabari za mwaka 2025 zingali mbichi, wala si uadilifu kuzihukumia nia za watu kabla ya ushahidi kutimia; yafaa kuitazama mas'ala hii katika mambo yaliyokwisha poa.

Nia ni kitu cha moyoni. Usama bin Zayd alipomwua mtu aliyekwisha kutamka shahada, akajitetea kuwa mtu yule aliitamka kwa khofu ya silaha, Mtume (s.a.w.) alimkemea kwa kumwuliza kama aliupasua moyo wake akaona. Basi ikiwa katika vita, upanga ukiwa mkononi, haikuruhusiwa kuukisia moyo wa mtu, itaruhusiwaje barazani mbele ya kikombe cha kahawa?

Walakini mafakihi wa madhehebu yetu ya Kishafii hawakuwa watu wa kudanganyika upesi. Wamesema kuwa shahada ya mtu ajivutiaye manufaa kwa shahada ile, au ajikingaye na madhara kwayo, haikubaliwi. Baba hashuhudii kwa faida ya mwanawe, wala mshirika kwa faida ya mshirika wake katika mali yao ya pamoja. Na tazama adabu iliyomo humo: baba yule hakuitwa mwongo. Yamkini ni mcha Mungu kuliko wote waliohudhuria. Ameambiwa tu kwamba neno lake peke yake halitoshi, kwa kuwa pana tuhuma.

Je, shauri nalo lipimwe kwa mizani hiyo? La, haiwezekani. Lau kila mshauri mwenye faida yake angefukuzwa, asingebaki hata mmoja, maana ajuaye mambo ya uchaguzi aghalabu ndiye alaye kwa uchaguzi. Shauri hulikubali hata likitoka kwa mwenye tuhuma. Lakini tuhuma ile humlazimu alete kitu zaidi ya kiapo. Alete sababu. Na sababu yenyewe iwe ni ile ile aliyoisema ndani, milango ikiwa imefungwa, na aitakayoisema nje mbele ya watu. Mtume (s.a.w.) amefundisha kuwa mwenye kutakwa shauri amewekewa amana, na amana haina nyuso mbili. Moyo hatuuoni, illa maneno ya ndani yasipolingana na ya nje, tofauti ile mara nyingi huja ikaonekana baadaye, hata kwa mtu asiyejua kusoma.

Ndivyo ilivyoonekana Temeke. Tarehe 29 Oktoba 1995 Tanzania Bara ilipiga kura ya kwanza ya vyama vingi tangu mfumo ule urudishwe mwaka 1992. Katika Dar es Salaam mambo yakaharibika. Vifaa vilichelewa, vituo vingi havikufunguliwa kwa wakati, na vingine havikufunguliwa kabisa. Watu waliodamka alfajiri wakasimama juani hata jioni. Tume ya Taifa ya Uchaguzi, mwenyekiti wake Jaji Lewis Makame, ikafuta kura za majimbo yote saba ya mkoa, ikaamuru zirudiwe tarehe 19 Novemba. Vyama vya upinzani vikataka uchaguzi wa nchi nzima ufutwe. Vilipokosa, vikatangaza kususia marudio yale, pamoja na chama cha NCCR-Mageuzi kilichomsimamisha marehemu Augustine Mrema kwa urais. Sababu iliyotolewa nje ilikuwa moja: Tume hii haiaminiki, na kura chini yake haina maana.

Shauri lile huenda lilikuwa sawa. Aliyeona vurugu za siku ile hakosi udhuru. Benjamin Mkapa akatangazwa mshindi kwa asilimia 61.8, na Mrema akapata 27.8. Kisha mwaka 1996 kiti cha ubunge cha Temeke kikawa wazi. Mrema akasimama, watu wa Temeke wakaombwa wapige kura, wakapiga, naye akashinda na kuingia Bungeni. Na Tume ilikuwa ile ile.

Hapa ndipo pa kutua. Wala si kwamba kubadili rai ni unafiki. Imam Shafii mwenyewe ana kauli za kale na kauli mpya, na hakuna aliyemtia ila kwa hilo. Lakini Imam alipobadili, alizieleza hoja zake mpya, na wanafunzi wake wakazinukuu. Mtu wa Temeke, aliyeambiwa mwezi wa Novemba kura yake ni bure, mwaka uliofuata akaambiwa ni ya thamani, alistahili kuelezwa nini kilichogeuka. Ikiwa Tume ilitengenea, aambiwe. Na ikiwa sababu ya kwanza haikuwa Tume, bali ni hesabu kwamba marudio ya mkoa mmoja hayawezi kuyageuza matokeo ya nchi, basi hiyo pia ni sababu isiyo na aibu. Kwa nini haikusemwa hivyo? Mchuuzi wa samaki akiuza kwa hasara kukwepa kuozewa, husema wazi kuwa anakwepa kuozewa.

Na upande wenye dola nao hausalimiki. Wengi katika Dar es Salaam wana ndugu Unguja na Pemba, na mambo ya kule huyasikia kabla ya magazeti. Tarehe 28 Oktoba 2015 Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, Jecha Salim Jecha, aliufuta uchaguzi wa Zanzibar uliofanywa siku tatu kabla, akitaja kasoro nyingi. Siku ile ile ya kura, wapiga kura wale wale wa Visiwani walikuwa wamempigia pia Rais wa Muungano na wabunge, na kura hizo zikapokelewa na Tume ya Taifa zikahesabiwa. Kweli, Tume ni mbili na madaftari ni mbalimbali. Lakini mshauri aliyeona uzuri wa shauri lile alikuwa na deni la kueleza vipi mtu mmoja, katika siku moja, kura yake moja iwe safi na ya pili iwe na najisi. Deni hilo halikulipwa kwa maelezo ya kukinaisha. Marudio yalifanywa tarehe 20 Machi 2016, CUF ikasusia.

Atasema msemaji kuwa shauri lina siri zake, na kwamba mkubwa hatapata nasaha ya kweli ikiwa kila neno litapelekwa sokoni. Hoja hii ina uzito. Siri ya shauri ni haki, na mwenye kuitoa ni khaini. Lakini kuficha neno ni jambo moja, na kutoa neno jingine mahali pake ni jambo la pili. Anayenyamaza amehifadhi amana. Anayesema "amani" na huku ndani alisema "viti" amewauzia watu bidhaa isiyomo ghalani.

Na kwa mshauri mwenyewe atakaye kujijua, Imam Ghazali ametaja alama moja anapozungumza juu ya wanavyuoni waingiao kwa masultani wakidai kuwanusuru Waislamu: atazame, lau mwenziwe angelitoa neno lile na likakubaliwa, yeye angefurahi? Akiona kifua kinabana, ajue alichokuwa akikitafuta. Ni wachache katika vyama vyetu watakaoulala usingizi wa mtihani huo.

Abul Hasan al-Mawardi aliufaulu. Mwaka 429 wa Hijra, huko Baghdad, amiri Jalal ad-Dawla alitaka aitwe mfalme wa wafalme. Mafakihi wakaulizwa, na wengine wakaruhusu, akiwamo Abu Tayyib at-Tabari, naye ni Mshafii mkubwa asiyefaa kudhaniwa vibaya. Al-Mawardi alikuwa mtu wa karibu wa amiri, mwenye kuingia kwake kila siku. Akakataza. Kisha akajifungia nyumbani kwa khofu, tangu Ramadhani hata Idi ya kuchinja. Amiri alipomwita, alimwambia kuwa amejua sasa ya kwamba hampendelei mtu, maana lau angempendelea yeyote angempendelea yeye, na akamzidishia heshima. Tuhuma ya al-Mawardi ilikuwa upande wa pili kabisa wa fatwa yake. Yeye ndiye aliyebeba gharama ya neno lake.

Katika chaguzi zetu gharama hubebwa na asiyekuwamo barazani. Mwezi wa Februari 2018 palikuwa na uchaguzi mdogo Kinondoni. Kiti kilikuwa wazi kwa sababu mbunge wake alijiuzulu kutoka CUF, akahamia CCM, na akakigombea tena kiti kile kile. Tarehe 16, siku moja kabla ya kura, wafuasi wa CHADEMA waliandamana kwenda kwa msimamizi wa uchaguzi kudai barua za mawakala wao. Wako walioshauri maandamano, na wako walioshauri polisi wayatawanye kwa silaha, na yamkini pande zote mbili zilikuwa na la kusema. Viongozi wa chama wakashitakiwa, Machi 2020 wakatiwa hatiani na kutozwa faini, na Juni 2021 Mahakama Kuu ikaifuta hukumu. Kura zilipigwa kesho yake, na mshindi akatangazwa. Risasi ilimpata mwanafunzi wa chuo aliyekuwa abiria ndani ya daladala, akienda katika shughuli zake.