Kwa Mwendo wa Watoto

Soma Mwanzo 33:12–14, Ezekieli 34:4–6, Luka 15:3–7.

Esau alipomwalika Yakobo wasafiri pamoja, Yakobo alikataa kwa upole. Alikuwa na watoto wadogo na mifugo inayonyonyesha. Kuwaharakisha hata siku moja kungeliangamiza kundi. Akachagua kwenda polepole, kwa mwendo ambao watoto wangeuweza.

Katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, jambo hilo huwakabili wafugaji hata leo. Kiangazi kikikaza, familia za Wabarbaig hufuata maji na malisho. Je, mtoto wao akiwa na kifua kikuu? Matibabu ya kawaida huchukua miezi 6: miezi 2 ya dawa nne, kisha miezi 4 ya dawa mbili. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza miezi 4 kwa watoto ambao ugonjwa wao si mkali. Lakini ng'ombe wenye kiu hawasubiri hata mwezi mmoja. Baba akibaki karibu na zahanati, mifugo inaweza kufa, na maziwa ya mtoto yakaisha pamoja nayo. Akihama, dawa hukatika. Mtoto anaweza kufa, au ugonjwa ukawa sugu na kuwaambukiza wengine.

Ni nani basi atakayewajibika kwa mtoto huyu?

Kwa miaka mingi mgonjwa aliyeacha dawa aliitwa mtoro. Neno hilo lilitoa hukumu kabla ya kesi kusikilizwa. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani liliacha msamiati huo katika kumbukumbu zake, na mgonjwa kama huyo sasa huhesabiwa kuwa amepotea katika ufuatiliaji. Tofauti ni kubwa. Mtoro hulaumiwa, bali aliyepotea hutafutwa. Katika Luka 15, mchungaji haulizi kwanza kondoo alikosea njia gani. Anaondoka kumtafuta. Mfugaji yeyote wa Hanang anaielewa hesabu hiyo: ndama asiyeonekana jioni ni kazi ya mwenye zizi.

Tena, si kila anayehama amehama kwa hiari. Katika miaka ya 1970 mashamba makubwa ya ngano yalifunguliwa Hanang kwa msaada wa Canada, na Wabarbaig wakapoteza malisho yao bora. Anayelaumu safari ndefu ya mfugaji na akumbuke ni nani aliyeirefusha.

Hata hivyo, huruma haifuti wajibu wa mzazi. Yakobo hakumwachia Esau mzigo wa watoto wake. Yeye mwenyewe alipunguza mwendo. Mzazi anaweza kuuliza mapema atapata wapi dawa huko aendako, kuomba barua ya uhamisho, au kumwacha mtoto kwa ndugu hadi dozi iishe. Anaweza pia kuchemsha maziwa, kwa kuwa ng'ombe mgonjwa huweza kumwambukiza mtu kwa maziwa mabichi. Lakini mzazi hatauliza mahali anapokaripiwa, wala hatamwacha mtoto kama hakuna nyumba ya kumpokea.

Hapo ndipo lawama ya Ezekieli inapoligusa kanisa. Wachungaji wale hawakushtakiwa kwa kuwatawala kondoo kwa ukali tu. Walishtakiwa pia kwa kutowatafuta waliotawanyika. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, wilayani Mbulu, imehudumia watu wa eneo hilo tangu 1955, na dawa za kifua kikuu hutolewa bure nchini. Lakini daktari hawezi kuwa na kitanda katika kila boma. Kinachopungukiwa mara nyingi ni jirani: mtu wa kumlaza mtoto wa mgeni kwa miezi michache na kumkumbusha kidonge kila asubuhi.

Mtoto hakuchagua ugonjwa wala safari. Watu wazima wote walio njiani mwake, mzazi, mganga na muumini, wameitwa kupunguza mwendo hadi naye afike.

Maswali ya Kujadili:

1. Je, mzazi anayechagua mifugo amemwacha mtoto, au anajaribu kumwokoa kwa njia nyingine? Toeni sababu.

2. Familia inayohama ikipita karibu na kanisa lenu ikiwa na mtoto mwenye dozi isiyokwisha, ni nyumba ipi ingefunguliwa? Kama hakuna, ni nini kinachozuia?