Majira ya Baridi na Kazi za Mikono



Baridi imekwisha kutushika. Ndugu zetu wa pwani, ambao kwao kipupwe ni neema ya kulala usiku mmoja pasipo jasho, hawataelewa sawasawa tusemayo; bali wenzetu wa Njombe, wa Makete, wa Mufindi na wa milima ya Uporoto wanajua. Tangu Juni hata Agosti ukungu huketi mabondeni mpaka jua likiwa juu, upepo hupita katika kila ufa wa mlango, na huko Kitulo, mahali palipoinuka kupita mita 2,600 juu ya bahari, asubuhi nyingine majani huonekana yamevaa weupe wa sakitu. Watoto wetu huona katika kadi za Noeli nyumba zilizofunikwa na theluji, wakadhani kwamba baridi ni jambo la Desemba na la Ulaya. Kwetu Desemba ni mvua na kupalilia. Baridi yetu ina wakati wake, nayo huja mahindi yanapovunwa na kuanikwa, jembe linapopumzika kidogo, na jioni zinapokuwa ndefu kuuzunguka moto. Juu ya jioni hizo twataka kusema.

Wako wanaoyahesabu majira haya kuwa ni ya kuvumilia tu, kama mtu anayengoja gari kituoni. Twawaomba wawatazame akina mama. Uhehe, tangu Iringa mpaka Mufindi, wanawake husuka vikapu kwa milulu, majani marefu yaotayo penye majimaji. Huyakata, huyaanika, mengine huyatia rangi, kisha mama huketi nayo karibu na meko, akaanza kitakoni, katikati kabisa, akazunguka, akazunguka, mpaka kufika mdomoni. Tumekaa mara nyingi kuitazama kazi hiyo. Kinachotushangaza si wepesi wa vidole, bali ni subira: mtoto akilia, kazi huwekwa kando, chungu kikifurika, kazi huwekwa kando, naye kila arudipo huanza palepale alipoachia, pasipo kunung'unika. Huko chini, ufuoni mwa Ziwa Nyasa, wanawake wa Kikisi hufinyanga vyungu kwa mikono mitupu, pasipo gurudumu, na vyungu hivyo hupanda milima mpaka masokoni kwetu. Wengine hufuma sweta za watoto kwa sindano mbili na uzi wa sufu. Wengine hushona kroshia, vitambaa vya kutandika juu ya makochi na meza. Na wanaume wasicheke: mwenye kupasua mianzi akasuka tenga, au kuchonga mpini na mwiko, naye yumo.

Hizo si kazi za kupotezea wakati. Katika kitabu cha Kutoka twasoma jinsi Mungu alivyomwita Besaleli kwa jina, akamjaza roho yake ili awe na akili na ustadi katika kazi ya dhahabu, ya mawe na ya miti, kwa ajili ya Hema takatifu. Na wanawake wenye ujuzi wakasokota singa za mbuzi kwa ajili ya hema hilo hilo. Basi Roho wa Mungu hakuona haya kukaa katika vidole vya fundi. Wala hatuna haja ya kuwakumbusha wasomaji kwamba Bwana wetu alilelewa katika nyumba ya seremala.

Kadhalika kuipamba nyumba. Hatukubaliani na wale wasemao kwamba maskini hana haja ya urembo, kwamba ukuta uliopakwa udongo mweupe ni majivuno. Joseph Thomson, msafiri Mskoti aliyepita upande wa kaskazini wa Ziwa Nyasa mwaka 1879, aliona huko nyumba za mviringo zenye kuta za udongo uliofinyangwa mfano wa matofali ya duara, zikatiwa madoa ya rangi kwa mpango mzuri, akastaajabia usafi wake. Hakuna mtu wa mbali aliyewafundisha wazee wetu kupenda nyumba nzuri. Mama anayesaga udongo mweupe akapaka ukuta, akapiga mstari mwekundu chini, akatundika msalaba na picha ya Bikira Maria juu yake, huyo anawaambia watoto wake kwamba wao si watu wa kutupwa.

Lakini sasa yatubidi kusema jambo lililo gumu zaidi, nasi tutaanza na kosa letu wenyewe.

Miaka michache iliyopita tulipewa zawadi ya blanketi la sufu, zito, lenye mistari ya rangi ya damu ya mzee. Lilikuwa zuri mno kulalia. Tulilikunja tukalitandika juu ya mgongo wa kochi la sebuleni, kwa urembo, na kila mgeni alilisifu. Nyumba ya tatu kutoka kwetu alikaa bibi kizee mjane, ambaye watoto wake walikuwa wamekwenda mijini. Hatukumtembelea. Tulikuwa na sababu nyingi za kutomtembelea, ila ile ya kweli tulikuwa hatuisemi: jioni, kando ya moto, watu walikuwa wamezoea kunong'ona juu ya macho yake mekundu. Sisi hatukunong'ona. Tulikaa tu tukasikiliza, tukaongeza kuni.

Asubuhi moja ya Julai tuliona kwamba moshi haujatoka nyumbani kwake tangu jana. Tulikwenda, tukapiga hodi, tukasukuma mlango. Tulimkuta amelala amejifunika magunia mawili ya mahindi, mmoja juu ya mwingine, na miguu yake imekuwa kama mawe ya mtoni. Kuni zilikuwa zimemwishia siku mbili zilizopita, na goti lilimzuia kwenda kuzitafuta. Alipotuona akajaribu kuinuka ili atupe kigoda. Kisha akatuuliza kama tumekwisha kunywa chai.

Wasomaji wapenzi, tumesikia mahubiri mengi maishani mwetu, lakini hakuna lililotuingia kama swali lile.

Hakufa, Mungu ashukuriwe. Lakini tangu siku ile hatuwezi kuisoma ile amri ya kitabu cha Kutoka pasipo kutazama chini: kwamba ukiliweka rehani vazi la mwenzako, umrudishie kabla jua halijachwa, kwa sababu hilo ndilo vazi lake pekee la kujifunika; naye akimlilia Mungu, Mungu atasikia. Sisi hatukulichukua vazi la mtu. Tulikuwa nalo tu kwenye kochi. Je, tofauti ni kubwa kiasi gani usiku wa Julai? Mtakatifu Martini, alipokuwa bado askari, alikutana na maskini penye lango la mji wa Amiens wakati wa baridi kali, akalikata joho lake kwa upanga, akampa nusu. Twapenda kukumbuka kwamba alibaki na nusu nyingine. Hakuambiwa agande yeye, alitakiwa agawe.

Na juu ya macho mekundu, tuseme wazi. Mwanamke aliyepika kwa kuni miaka sitini ndani ya jiko lisilo na dirisha atakuwa na macho mekundu. Ni moshi. Katika nchi yetu wako wazee, hasa wanawake, waliopigwa, waliofukuzwa, hata waliouawa kwa sababu ya maneno yaliyoanza hivyohivyo, kando ya moto, kwa sauti ya chini. Mkristu anayesikiliza maneno hayo akaongeza kuni, ajue anaongeza kuni za moto gani.

Katika Injili ya Yohane imo habari ya mioto miwili ya makaa. Wa kwanza uliwaka uani kwa kuhani mkuu, usiku, kwa sababu kulikuwa na baridi. Petro akasimama pamoja na watumishi akiota moto, na hapo hapo, katika joto lile na maongezi yale, akamkana Bwana wake mara tatu. Wa pili uliwaka ufuoni mwa ziwa, alfajiri, baada ya ufufuko. Mitume walikuwa wamevua usiku kucha bila kupata kitu, na Petro amejitupa majini, amelowa. Naye Bwana, ambaye ameshinda mauti, aliwawekea nini? Moto wa makaa, samaki juu yake, na mkate. Akawaita waje wale. Hakuanza na kumhukumu Petro. Aliuliza swali lake baada ya kula. Twaona katika jambo hili dogo la kuwasha moto na kumwandalia chakula mtu aliyechoka adhama isiyopungua ile ya miujiza, na kila mama aamkaye kwanza nyumbani kuwasha moto kabla wengine hawajaamka na ajue anafanya kazi ya nani.

Mtume Paulo naye, akiwa kifungoni, alimwandikia Timoteo amletee joho aliloliacha Troa, tena ajitahidi kufika kabla ya majira ya baridi. Mtume wa mataifa hakuona haya kusema kwamba anahitaji vazi. Wazee wetu huona haya. Usingoje wakuombe.

Kuna njia nyingi za kufanya mema katika majira haya, na zilizo bora ni zile zisizo na gharama kubwa. Katika jumuiya moja tuijuayo, vijana walikwenda Jumamosi moja na ndoo za udongo, wakaziba nyufa za nyumba za wazee watano, kisha wasichana wakazipaka kuta udongo mweupe na kuchora maua. Mzee mmoja alikataa maua. Akataka achorewe ng'ombe. Akachorewa ng'ombe. Jumuiya nyingine akina mama hufuma sweta katika mikutano yao, nazo huenda kwa watoto wanaokwenda shule asubuhi wakiwa na shati tu. Hivyo ndivyo alivyofanya Tabita wa Yopa, ambaye Matendo ya Mitume husimulia habari zake: alipokufa, wajane hawakumwambia Petro kwamba alikuwa mwema, bali walimwonyesha nguo alizowashonea.

Yako mambo mawili ya kuangalia. La kwanza, twawasihi wote, na hasa vijana waliopanga vyumba mijini: jiko la mkaa lisiingizwe chumbani usiku na milango ikafungwa. Mkaa unaowaka pasipo hewa ya kutosha hutoa gesi ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushika damu mahali pa oksijeni. Mtu huumwa kichwa, husikia kizunguzungu na usingizi, akalala asiamke tena. Watu hufa hivyo katika mikoa yetu ya baridi, wakati mwingine jamaa nzima. Otea moto jioni, kisha utoe jiko nje, ulale na blanketi. Na kama jirani hana blanketi, hapo ndipo unapoanza wajibu wako.

La pili ni kwamba zawadi isiende peke yake. Kumtuma mtoto apeleke sukari kwa bibi ni vizuri. Kwenda mwenyewe ukaketi ni vizuri zaidi. Bikira Maria alipokwenda kwa haraka mpaka nchi ya milima kumtazama Elizabeti, Mwinjili hatuambii alichukua zawadi gani. Anatuambia alikaa muda wa miezi mitatu hivi. Zamani sikukuu hiyo ya Kumtembelea Elizabeti iliadhimishwa tarehe 2 Julai, katikati ya baridi yetu. Tangu marekebisho ya kalenda ya mwaka 1969 huadhimishwa tarehe 31 Mei, wakati baridi inapobisha hodi. Lakini Julai haikubaki mikono mitupu: mwaka 2021 Baba Mtakatifu Fransisko aliweka Siku ya Mababu, Mabibi na Wazee Duniani iwe Dominika ya nne ya mwezi huo, karibu na sikukuu ya Watakatifu Yoakimu na Anna. Sidhani kama huko Roma, ambako Julai ni joto la kutosha kuchosha, walifikiria miguu baridi ya wazee wa Makete. Mungu alifikiria.

Watu wameuliza habari za bibi yule. Blanketi halikurudi kwenye kochi letu. Mjukuu wake alikuja kukaa naye, na goti limepata nafuu kidogo. Mwezi wa Septemba, jua liliporudi, alitujia akijikongoja na fimbo, na mkononi ana kikapu cha milulu alichokisuka mwenyewe mchana, mlangoni, penye mwanga. Mdomo wake umepinda upande mmoja, kwa maana macho yake hayaoni tena vizuri. Tumekitundika sebuleni penye ukuta ulio mkabala na mlango, nasi hukitungua kila Jumamosi kwenda kutilia mayai.