Aliyetumwa Arudi Atoe Taarifa

Baba zangu na mama zangu wa Karagwe na Kyerwa, vijana wa Nkwenda, Isingiro na Murongo, nanyi wa Kayanga, Omurushaka na Nyaishozi, fungueni Kitabu cha Hesabu sura ya 13. Musa aliteua watu kumi na wawili, kila kabila mtu wake, akawatuma wakaikague Kanaani. Walikaa huko siku arobaini. Kisha wakarudi na kichala cha zabibu begani, wakasimama mbele ya mkutano wote, wakatoa taarifa. Kumi kati yao walisema maneno ya kuwavunja watu moyo, lakini hata hao walirudi. Hakuna aliyebaki Kanaani akila zabibu peke yake huku ndugu zake wakingoja jangwani.

Kwa andiko hilo nataka tuipime historia ya kiti chetu bungeni.

Kilikuwapo kipindi ambacho hatukuwa na wa kumtuma. Rumanyika alipowapokea Speke na Grant mwaka 1861, mambo ya Karagwe yaliamuliwa Karagwe. Ukoloni ukayahamisha. Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika liliundwa mwaka 1926, likakaa miaka 19 bila Mwafrika hata mmoja ndani yake, na walipoingia wa kwanza mwaka 1945 walikuwa machifu wawili walioteuliwa na serikali: Kidaha Makwaia wa Shinyanga na Abdiel Shangali wa Machame. Mababu zetu walilipa kodi miaka yote hiyo, na sheria za kodi hiyo zilitungwa na watu ambao hawakuijua hata njia ya kufika huku.

Kura ilipokuja, katika uchaguzi wa 1958 na 1959, ilikuja na kizingiti mlangoni. Mpiga kura alitakiwa awe na elimu ya darasa la nane, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au cheo kinachotambuliwa. Hebu mfikirieni bibi yenu na kikapu chake cha kahawa mbichi: angezitoa wapi pauni 150? Na hao wachache waliopita walilazimishwa kupiga kura tatu, ya Mwafrika, ya Mwasia na ya Mzungu. TANU iliamua Tabora, Januari 1958, kushiriki hivyo hivyo, na uamuzi ule ndio uliofungua njia. Kura unayoidharau leo kwa sababu siku ya kupiga kulikuwa na mvua, kuna watu walionyimwa kwa kukosa darasa la nane.

Katika kizazi kile namtaja George Kahama. Aliinukia kwenye ushirika wa wakulima wa kahawa wa Bukoba, akaingia katika baraza lile kabla ya uhuru, na nchi ilipojitawala alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Miaka mingi baadaye, kuanzia 2000 hadi 2005, alikuwa mbunge wa Karagwe na Waziri wa Ushirika na Masoko. Mtu aliyeanza na kahawa akarudi kwenye kahawa. Namheshimu kwa hilo.

Lakini mtu ninayetaka mlijue jina lake ni Kaneno. Mkoa wetu ulipokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi, Kaneno alikuwa mbunge wa Karagwe, na mwenzake Bakampenja alikuwa mbunge wa Ihangiro. Wawili hao waligongana na uongozi wa mkoa. Oktoba 1968, Halmashauri Kuu ya TANU iliwafukuza katika chama pamoja na wabunge wengine, Kasella-Bantu na Masha wakiwamo. Chama kilikuwa kimoja, na asiye mwanachama hakuwa na kiti. Ubunge wao ukaishia hapo. Sisemi kila neno walilolisema lilikuwa sawa. Nasema kiti kile kilikuwa cha wananchi wa Karagwe, na kikaondolewa katika kikao ambacho wananchi wa Karagwe hawakualikwa. Aliyekitoa kwa kura hakuulizwa alipopokonywa! Na msidhani hayo yamekwisha na mfumo wa chama kimoja. Ibara ya 71 ya Katiba ya mwaka 1977 inasema hadi leo kwamba mbunge akikoma kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka, ubunge wake umekwisha. Basi msishangae mbunge wenu akimtazama katibu wa chama kabla ya kuwatazama ninyi. Mshangae kwamba ninyi hamumtazami kabisa.

Hapo ndipo lilipo kosa letu, na silifichi. Tunampeleka mtu, tunampigia vigelegele, kisha tunakaa kimya miaka mitano. Akirudi, tunamuuliza ameleta nini mfukoni. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi iliruhusu takrima, mgombea akapata ruhusa ya kuwakirimu wapiga kura, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikasema vifungu vile vinavunja Katiba. Mahakama imeifuta takrima katika sheria. Sisi tumeitunza vijijini mwetu. Kitenge, sukari kilo mbili, rubisi ya wazee, na kura imekwenda. Ndugu yangu, sukari ile uliimaliza kabla mbunge hajala kiapo.

Tazameni tulivyo wengi. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 332,020 Karagwe na 321,026 Kyerwa. Watu zaidi ya 650,000, na vinywa viwili vya kuchaguliwa majimboni. Kyerwa ilikuwa na mbunge wake kabla ya kuwa na mkuu wa wilaya wake: Eustace Katagira aliingia bungeni kwa jimbo hilo mwaka 2005, na wilaya ikagawanywa kutoka Karagwe mwaka 2012. Upande wa Karagwe alikuwapo Gosbert Blandes. Mwaka 2015 wakaja Innocent wawili, Bilakwate kwa Kyerwa na Bashungwa kwa Karagwe, na Desemba 2024 Bashungwa akapewa Wizara ya Mambo ya Ndani, ile ile aliyoishika Kahama wakati wa uhuru. Tulifurahi kuwa na waziri, na furaha hiyo haikuwa dhambi. Ila waziri hasimami bungeni kuiuliza serikali maswali. Yeye ndiye serikali, anajibu. Ibara ya 63 ya Katiba imelipa Bunge kazi ya kuisimamia na kuishauri serikali kwa niaba ya wananchi. Jimbo lenye waziri linahitaji wananchi macho mara mbili, kwa sababu swali lao lazima litafute mlango mwingine.

Na maswali tunayo! Kahawa yetu inauzwa butura, maua yakiwa bado mtini, kwa sababu mtoto ameitwa shule na ada haijapatikana. Ile inayofika kuiva inavuka usiku kwenda Uganda bei ikiwa nzuri kule, na anayekamatwa ni kijana wa pikipiki. Mwaka 2019 mapori ya Ibanda na Rumanyika yalifanywa hifadhi za taifa: mipaka yake na malisho yetu, nani alikwenda kuyasemea? Mwaka 2013 Operesheni Kimbunga iliondoa wahamiaji haramu, na katika nchi hii ya mpakani, ambako ndoa zimevuka Mto Kagera tangu enzi za Rumanyika, nani alisimama kuulizia mwenyeji aliyeambiwa si mwenyeji? Kila neno la bungeni linaandikwa katika Taarifa Rasmi, Hansard, na liko wazi kwa kila mtu. Kijana mwenye simu, acha mpira jioni moja, tafuta jina la jimbo lako humo, soma, kisha wasomee wazee kwa sauti.

Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila baada ya miezi mitatu, na ni wenu kwa sheria. Katika mkutano ujao andikeni swali moja, si kumi. Mimi ningeanza na butura. Liingizwe katika muhtasari, mwenyekiti atie saini na muhuri, nakala moja kwa diwani, nyingine ofisi ya mbunge, naye atajiwe tarehe ya kuja kujibu mbele ya mkutano uleule. Bunge la bajeti huanza Aprili. Barua ifike kabla hajapanda gari la Dodoma.