Karamu ni ya Nani?

Mtu akimwandalia mwingine karamu, ni nani anayeheshimiwa: aliyealikwa au aliyealika? Swali hili huonekana jepesi mpaka tuulize ni nani aliyechagua mahali na chakula, na fedha zilitoka mfuko gani.

Iko familia moja ya Bomet ambayo swali hili liliigawa. Binti yao mkubwa alipoajiriwa kuwa mwalimu, aliazimu kumshukuru nyanya yake aliyemlea. Nyanya huyo alianza kuchuma majani ya chai katika mashamba makubwa ya Kericho kabla ya Uhuru wa 1963, na ujira wa kikapu chake ndio uliosomesha nyumba nzima. Binti alitaka kumpeleka Tea Hotel, hoteli ya zamani mjini Kericho, iliyojengwa na kampuni ya Brooke Bond katika miaka ya 1950. Jamaa kumi na wanne wangekwenda pamoja, kwa gari la kukodi, kupitia Sotik na Litein.

Baba yake mdogo alikataa katakata. Alisema hiyo ni fahari tupu, maana mdogo wa binti huyo alikuwa bado anadaiwa karo ya muhula. Tena, karamu gani ishindayo ya nyumbani? Mbuzi yupo zizini, wimbi umo ghalani, na mursik, maziwa yaliyogandishwa katika kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti, haukosekani. Wanariadha wetu warudipo na medali hupokewa kwa kibuyu hicho hicho katika uwanja wa ndege wa Nairobi. Kwa nini mtu akanunue ugenini heshima iliyo tele kwake?

Binti naye hakukosa neno. Hoteli za namna ile, alisema, zilijengwa zama za ubaguzi wa rangi, na Mwafrika aliingia humo akiwa amebeba sinia. Mashamba yenyewe yalipandwa katika ardhi ambayo serikali ya kikoloni iliitwaa kwa Wakipsigis. Kumketisha nyanya mezani pale, na kumwona akihudumiwa, kulikuwa malipo ya deni kongwe.

Wako waliomwita baba mdogo mchoyo. Mimi simwiti hivyo. Nimeona wanafunzi wakirudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, na sijaona karamu iliyomfundisha mmoja wao hesabu alizozikosa. Lakini shukrani nayo ni deni, na mwenye kulidai aghalabu hunyamaza. Angojaye mpaka madeni mengine yote yaishe ndipo ashukuru, huenda akashukuru kaburini.

Linaloshangaza zaidi ni kwamba pande zote mbili zilisema kwa niaba ya mtu aliyekuwa ameketi jikoni, hatua chache tu kutoka kwao. Mmoja alijua kwamba mamaye hapendi makuu. Mwingine alijua kwamba nyanya yake ana kiu ya haki. Kila mmoja alikuwa akimshonea nguo bila kumpima, na mabishano yakaendelea siku tatu.

Alipoulizwa hatimaye, kogo, kama Wakipsigis wamwitavyo nyanya, hakutaja haki wala mbuzi. Alisema kwamba maisha yake yote aliamriwa kuchuma majani mawili na chipukizi, na kila jani gumu lililoonekana kikapuni likatupwa. Alitaka kuonja ile chai iliyostahili uangalifu wote huo, mahali ilipoandaliwa kwa wenyewe. Lakini watu kumi na wanne, alisema, ni wengi mno kwa kikombe cha chai. Waende watatu, na fedha zitakazobaki zipelekwe shuleni.

Fedha zilizobaki hazikutosha karo yote. Sehemu ya deni ilingoja mpaka mwezi uliofuata, na baba mdogo hakuacha kulitaja hata walipokuwa njiani. Hotelini, kogo alikinywa kikombe cha kwanza bila maziwa, polepole, akitazama nje kupitia dirishani. Kwa kikombe cha pili aliomba maziwa na sukari nyingi. Akamwambia mjukuu wake kwamba sasa hiyo ndiyo chai, na kwamba wale wazungu hawakujua kuinywa.